Sura ya Tisa: Dole la Akiba

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Tabora. Asubuhi baridi kavu, upepo kutoka mashariki, vumbi jingi, wingu hakuna.

Sajenti Mhoja Lugembe aliandika maneno hayo juu ya ukurasa mpya, akatazama saa, akaongeza: "Saa mbili kasoro dakika tano. Dukani kwa Nassibu, Mtendeni." Kwa miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuanza ukurasa bila hali ya hewa. Wakili akimwuliza mahakamani kama kweli anaikumbuka siku yenyewe, alitaka awe na cha kujibu.

Muda ulikuwa mfupi. Kikundi cha Dufashanye, yaani tusaidiane kwa Kirundi, cha Ulyankulu kilikuwa na wanawake thelathini na wawili, waliokutana kila Jumatano kuweka hisa na kukopeshana. Wiki iliyopita walifungua sanduku ili wagawane, wakakuta pungufu ya milioni nne na laki mbili. Daftari lilionyesha zilikokwenda: mikopo mitatu kwa Esperansi Habimana, mjane, na mbele ya kila mkopo dole gumba lake. Esperansi alisema hajakopa hata shilingi. Lakini mwezi Machi alikuwa ameezeka nyumba yake mabati mapya, na kijiji kizima kiliyaona yakishushwa garini. Kikundi kilimpa siku saba. Zilikuwa zinaisha leo saa kumi jioni. Baada ya hapo wangepanda juu ya paa, wayang'oe mabati, wayauze.

"Shikamoo, mzee Nassibu."

"Marahaba, afande." Mzee hakuinuka kwenye kiti chake cha kamba. "Kama umekuja kukopa, sikopeshi. Kama umekuja kununua, bei ya serikali ni ileile ya raia, ila serikali hulipa mwakani."

"Nimekuja kusoma."

"Hapa hapauzwi magazeti."

"Kusoma daftari lako."

Nassibu aliinama chini ya meza akatoa daftari la jalada gumu, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa viroba. Alilifuta vumbi kwa kiganja.

"Babu yangu alikuwa na la kwake," alisema. "Aliuza vitambaa na shanga hapohapo ulipoegesha pikipiki. Msafara ukipita anaandika: nani kapita, anakwenda Ujiji au anarudi pwani, kachukua nini, kaacha nini. Yeye kwa herufi za Kiarabu, mimi kwa hizi zenu za shule. Unatafuta siku gani?"

"Machi. Mwanamke wa Ulyankulu, mabati."

Kidole cha mzee kilishuka kwenye mistari bila kubabaika.

*Ijumaa 14 Machi, Ramadhani 13. Mvua asubuhi, jua baada ya swala. Esperansi wa Ulyankulu, bati 36 za geji 30. Deni limekwisha. Gari la Twalibu limebeba.*

"Deni?" aliuliza Sajenti. "Alikuwa anadaiwa na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa. Aliniletea asali. Ndoo mwaka juzi, ndoo mwaka jana, kila moja naiandika laki na nusu. Anasema, mzee, usinipe hela, nikipewa hela nitakula. Niwekee bati." Alifunua kurasa za nyuma, akaonyesha. "Moja, mbili, tatu, hizi hapa. Ndoo sita. Bati thelathini na sita kwa elfu ishirini na nane ni milioni moja na elfu nane. Ilibaki laki moja na elfu nane, akalipa taslimu siku ya kuchukua. Noti za elfu mbilimbili na tanotano, zimekunjwa kama karanga."

Sajenti alinakili tarehe zote sita. Jambo lililokuwa limemtia Esperansi hatiani machoni pa kijiji lilikuwa limelipwa kwa nyuki.

"Umeshawahi kumweleza mtu mwingine habari hii?"

"Mtu mmoja alikuja. Mama wa heshima, kitenge kizuri. Alisema yeye ni katibu wa kikundi chao, na ni mama wa ubatizo wa mtoto wa huyo Esperansi. Alitaka kujua kama rafiki yake amemaliza kulipa, maana anamwonea huruma. Nikamfungulia daftari hili hili, nikamwonyesha na ndoo. Akacheka, akasema kweli huyu mwanamke ana subira."

Mkono wa Sajenti ulisimama juu ya karatasi.

"Ulimwandika?"

"Afande, mimi naandika hata mbuzi akiingia dukani." Alifunua. *Alhamisi 27 Machi, Ramadhani 26. Jua kali. Stela Nahimana wa Ulyankulu kauliza habari za bati za Esperansi. Hakununua.*

Katika maelezo aliyotoa kituoni siku tano zilizopita, Stela Nahimana alikuwa amesema hivi, na Sajenti aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Sisi hatujui alipata wapi pesa za mabati, ndipo tulipotazama daftari."

Alimwomba mzee atie sahihi chini ya nakala. Nassibu alitia, akapuliza wino.

"Huyo mwenye asali," alisema, "kafanyiwa nini?"

"Ndicho ninachoandika, mzee."

*

Saa saba mchana Sajenti aliegesha pikipiki mbele ya shule ya msingi huko Ulyankulu. Mwalimu Prosperi, mstaafu mwenye ndevu nyeupe, alikuwa peke yake darasani akipanga madawati. Jumatatu na Alhamisi jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuandika.

"Esperansi Habimana ni mwanafunzi wako?"

"Tangu Oktoba. Januari alianza kuandika jina lake. Siku ya kwanza aliandika akalia, nikamwambia mama, usilowanishe daftari, ni la serikali." Mwalimu alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Nimesikia yanayosemwa. Mimi siyaamini."

"Sikuja kuuliza unaamini nini, mwalimu. Nasikia wanafunzi wako wanaandika habari za kila siku."

"Ndilo zoezi letu. Kila kipindi mtu anaandika siku mbili, ya jana na ya leo: tarehe, hali ya hewa, na jambo moja lililotokea. Jambo la kweli, nawaambia, si la kubuni. Nasahihisha palepale kwa kalamu nyekundu, naweka tarehe."

"Wanakwenda na madaftari nyumbani?"

"Hapana. Nyumbani watoto huyachana kuwashia moto. Yanalala kwenye kabati lile. Ufunguo ninao mimi, huu hapa shingoni pamoja na rozari."

Kabati lilifunguliwa. Daftari la Esperansi lilikuwa na jalada la bluu lililovalishwa gazeti. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama, kila moja imekandamizwa mpaka upande wa pili. Sajenti alifunua hadi Machi.

*Jana jumatano 5/3/2025. Mvua mchana. Nilipaka majivu. Kikundi hatukukaa sababu ya majivu. Leo alhamisi 6/3/2025. Wingu. Nimechuma kisamvu.*

Juu ya neno moja mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu *Nilipakwa*, na chini kuna alama ya vema na tarehe: 6/3.

"Nilimtania," alisema Prosperi. "Nikamwambia, mama, kama wewe ndiye uliyepaka majivu, padre alifanya nini siku hiyo?"

Sajenti hakucheka. Alikuwa amefungua notibuku yake mahali alipoorodhesha ile mikopo mitatu. Wa kwanza, Jumatano 12 Februari, milioni moja na nusu. Wa pili, Jumatano 5 Machi, milioni moja na nusu. Wa tatu, Jumatano 12 Machi, milioni moja na laki mbili.

"Mwalimu, ungependa kutembea nami kidogo?"

"Mpaka wapi?"

"Kwa mwanafunzi wako. Lete na daftari. Libebe wewe, mimi nisiliguse."

*

Walisikia nyundo kabla hawajaiona nyumba. Saa tisa haikuwa imefika, lakini ngazi ilikuwa imekwisha kuegemezwa ukutani, na juu ya paa fundi Lukumani alikuwa ameshang'oa misumari ya bati la kwanza. Uani walijaa wanawake, wengine wamekaa juu ya magogo ya kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku, wengine wamesimama na kanga mabegani. Esperansi alikuwa kibarazani juu ya kigoda, mikono mapajani, anatazama chini.

"Lukumani, shuka."

"Afande, mimi nimelipwa kwa bati, sijalipwa kwa maneno."

"Shuka, au utalipwa na mimi."

Fundi alishuka. Kicheko kidogo kilipita kati ya wanawake, kikafa. Mwenyekiti wao, Mama Agnetha, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya, alisogea mbele.

"Afande, katiba yetu inaruhusu. Mkopaji asiyelipa, mali yake inakamatwa. Ametia dole mwenyewe."

"Leo nawazuia. Kesho nitakuwa mahakamani Kaliua na sitaweza kuwazuia, kwa hiyo tumalize leo. Daftari liko wapi?"

"Liko kwa katibu, siku zote."

Stela Nahimana alikuwa amelishika kifuani. Alikuwa mwembamba, nadhifu, miwani imening'inia kwenye kamba. Aliinua kidevu.

"Umekuja na pikipiki tu, afande, au umekuja na jibu? Maana sisi tuna watoto wa kulipiwa shule."

"Nimekuja na maswali machache, mama."

"Maswali ulishauliza."

"Mwulizeni Stela chochote," Esperansi alisema kwa sauti ndogo kutoka kibarazani, bado anatazama chini. "Mambo yangu yote anayajua yeye. Mwulizeni, atawaambia mimi si mwizi."

Stela hakugeuka kumtazama.

Sajenti alilichukua daftari mikononi mwake, akaliweka juu ya meza ya mbao, akalifungua kwenye ukurasa wa Esperansi. Kila mwanachama alikuwa na karatasi yake. Upande wa mbele, mistari ya hisa ilikuwa na madole ya zambarau mpaka mwisho wa Desemba. Kuanzia Januari madole yaliisha, likaanza jina: *Esperansi*, limeandikwa kwa herufi zilezile kubwa zilizoinama. Alifunua nyuma. Hapo palikuwa na ile mikopo mitatu, na dole limerudi.

"Mama Agnetha. Mtu aliyejifunza kuandika jina lake, anaandika kila Jumatano kwa furaha. Kwa nini siku ya kuchukua milioni arudie dole?"

"Haya," alisema Agnetha. "Anayekopa kwa hila haoni raha kuandika jina."

"Inawezekana." Alitoa lenzi mfukoni, akainama juu ya mstari wa pili. Maelezo ya mkopo yalikuwa marefu, *kwa ajili ya mabati ya nyumba*, na neno la mwisho lilikuwa limeingia ndani ya duara la dole. "Sogea utazame. Mstari wa kalamu umepita juu ya zambarau au chini yake?"

Agnetha alikaza jicho. "Juu."

"Kwa hiyo dole lilitangulia, maneno yakafuata. Ninyi huwa mnaandika kwanza au mnatia dole kwanza?"

"Tunaandika kwanza, tunamsomea mtu, ndipo anatia." Alisita. "Isipokuwa ya akiba."

"Akiba gani?"

Wanawake walitazamana kama watu walioulizwa jina la kijiji chao.

"Afande, wewe hulimi tumbaku," alisema bibi mmoja mzee, Bi Konsolata, akiinuka kwenye gogo. "Jani likiingia bani, moto haulali. Siku tano, sita, unakaa nao. Utakujaje Jumatano kutia dole? Basi Desemba kabla ya kuanza kuchoma, sisi tusiojua kuandika tunatia madole ya akiba. Hela ya hisa unamtuma jirani, katibu anajaza. Upande wa mbele ni wa siku unazokuja mwenyewe. Nyuma ya karatasi ndiyo akiba."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Ni kazi ya kawaida tu."

Sajenti alifunua karatasi ya Bi Konsolata, akaigeuza nyuma. Mistari miwili ilikuwa imejazwa hisa. Chini yake palikuwa na madole mawili ya zambarau kwenye mistari mitupu, hakuna tarehe wala neno. Alifunua ya mwingine: dole moja peke yake. Ya mwingine: matatu. Aliinua daftari juu, akalizungusha polepole ili uani kote waone. Bi Konsolata alifika karibu, akaweka kidole juu ya alama yake mwenyewe.

"Yesu wangu," alisema. "Hapa mtu angeweza kuniandikia hata ng'ombe."

"Esperansi," aliita Sajenti. "Desemba ulitia madole mangapi?"

"Matatu. Lakini sikuyatumia. Januari nilipoanza kuandika nilikuwa nakuja mwenyewe. Moto niliushikiwa na mwanangu." Alikuwa amesimama sasa. "Nilimwambia Stela ayakate kwa kalamu. Akasema ameshayakata."

Stela aliishika miwani yake, akaifuta kwa pembe ya kitenge.

"Mnaongea madole," alisema. "Mimi niliandika mbele yake, Jumatano, mkutanoni. Alikuwa amekaa mbele yangu kama wewe ulivyosimama."

"Tarehe 5 Machi?"

"Kama imeandikwa hivyo, ndiyo."

"Mama mwenyekiti, tarehe 5 Machi mlikaa?"

"Ilikuwa Jumatano? Basi tulikaa. Jumatano hatukosi."

"Mwalimu, soma."

Prosperi alisoma kwa sauti ya darasani, pamoja na kosa lake na sahihisho lake. Aliposema *Nilipaka majivu* hakuna aliyecheka. Agnetha alishika kichwa.

"Jumatano ya Majivu. Tulikuwa kanisani wote. Sanduku halikutoka hata kwangu."

"Nilikosea tarehe!" Stela alisema haraka. "Mtu huhesabu Jumatano kwenye kalenda, anakosea. Itakuwa siku nyingine."

"Kwa hiyo hukuandika siku ileile. Uliandika baadaye, kwa kuhesabu kwenye kalenda."

Stela aliiachia miwani, ikaning'inia tena kwenye kamba.

"Jambo la mwisho," alisema Sajenti. "Kituoni uliniambia hukujua pesa za mabati zilitoka wapi. Tarehe 27 Machi ulikuwa Mtendeni, dukani kwa Nassibu. Alikuonyesha ndoo sita za asali. Ulijua kabla ya mtu yeyote hapa kwamba mabati haya ni halali. Na bado ukaandika mkopo wa mabati."

Alisoma nakala ile mpaka kwenye sahihi ya mzee. Alipomaliza, Esperansi alikuwa ameteremka kibarazani. Alipita kati ya wenzake, nao walimpisha, akasimama mbele ya Stela, karibu kiasi cha kugusana.

"Mugenzi wanje," alisema, rafiki yangu kwa Kirundi, kama walivyoitana tangu utotoni. "Ulikwenda mpaka Mtendeni?"

Stela alirudi hatua moja nyuma.

"Nilidhani ulikwenda kliniki. Nilikupa nauli. Nilikupa na ndizi za njiani."

"Esperansi..."

"Odeta wangu ulimshika wewe kwenye maji ya ubatizo."

Stela aliketi chini uani, palepale, na kitenge chake kizuri. Maneno yalimtoka yakifuatana. Alikuwa amechukua pesa za kikundi kidogokidogo tangu Novemba, akanunua tumbaku kwa njia za panya ili aiuze Urambo. Mnunuzi alichukua mzigo akapotea. Stela alingoja mpaka Machi, kisha akatafuta pa kuyaweka mapengo yale. Funguo tatu za sanduku hukaa kwa watu watatu, lakini siku ya mkutano sanduku hufunguliwa na kuachwa wazi mbele ya katibu anayehesabu. Hakuna aliyewahi kuhesabu tena baada yake.

"Madole ya akiba yalikuwa ya watu kumi na mmoja," alisema Esperansi. Sauti yake haikupanda. "Kwa nini mimi?"

Stela aliinua uso uliolowa.

"Kwa sababu wewe usingeniuliza."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Fundi Lukumani alishusha ngazi yake kimyakimya, akailaza chini.

Mama Agnetha alimvuta Sajenti kando, lakini sauti yake ya kwaya haikujua kunong'ona. "Afande, tumeelewa. Sasa tumalize wenyewe. Ana shamba, ana mbuzi, atalipa. Ukimpeleka Kaliua itakuwa aibu ya kanisa, aibu ya kikundi. Tukae tusali, tusameheane."

"Daftari nalichukua, na yeye namchukua," alisema Sajenti. "Lakini nisiwadanganye. Mashahidi wasipokuja mahakamani, kesi kama hii hufa. Nimeona nyingi. Watu wanapatana, hakimu anaita jina mara tatu, hakuna anayeitika. Na aliyesingiziwa anabaki na jina alilopewa." Alimgeukia Esperansi. "Shahidi wa kwanza ni wewe. Siwezi kukulazimisha moyo."

Stela alishika pindo la kanga ya Esperansi. "Nisamehe. Mbele ya Mungu, nisamehe. Mimi ni mama wa mtoto wako."

Esperansi alitazama mkono ule. Kisha akainama, akaufungua vidole kimoja kimoja, akaurudisha juu ya paja la mwenyewe. Alisimama wima, akawageukia wanawake wa Dufashanye, na Mwalimu Prosperi, na fundi, na askari.

"Jana mlikuwa mashahidi juu yangu," alisema. "Leo muwe mashahidi kwa hili. Kusamehe nitasamehe, kwa sababu naomba Baba Yetu kila siku na siwezi kuruka yale maneno ya kuwasamehe waliotukosea. Lakini nitakwenda Kaliua. Nikiitwa mara moja nitakwenda, nikiitwa mara kumi nitakwenda kwa miguu mara kumi. Nitasimama pale, nitaapa, nitaeleza yote, wala sitapunguza neno kwa ajili ya urafiki. Naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu." Alimgeukia Stela. "Na wewe nitakutazama usoni mpaka nimalize."